Si Kila Jicho Zito ni Uzee

Maneno ya afisa wa huduma za macho kwa wakazi waliofika kupimwa zahanatini

Sitawaweka sana, foleni ni ndefu.

Kila nikienda vijijini nasikia, "Macho yangu ni uzee tu." Neno hilo hufunika mambo matatu, na dawa yake si moja.

Mtu akifika miaka 40 hivi huanza kusogeza simu mbali ili asome, au kumwita mtoto amtilie uzi kwenye sindano. Hapo kweli ni umri. Miwani ya kusomea inatosha.

La pili ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna lenzi safi kama kioo, na miaka ikisonga huingia ukungu. Taa za gari usiku humsumbua mtu, baadaye huona watu kama vivuli. Hakuna matone wala mitishamba inayoondoa ukungu huo. Dawa ni upasuaji: jicho hutiwa ganzi, lenzi iliyoharibika hutolewa, ya plastiki huwekwa. Mara nyingi kazi haifiki nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Bado kuna wanaoambiwa wangoje mpaka "uive". Hayo yalikuwa ya zamani. Ukungu ukikuzuia kufanya kazi zako, wakati umefika. Na ukingoja huumii peke yako. Kuna nyumba nakuta mjukuu wa darasa la nne akimshika bibi mkono kumpeleka msalani, saa ambayo wenzake wako darasani.

La tatu ndilo linaloniogopesha: presha ya macho, yaani glakoma. Si ile presha ya damu inayopimwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na hii bila ile. Mara nyingi haiumi. Huanza kula pembeni, mtu akawa anagonga mwimo wa mlango au hamwoni anayemjia ubavuni, lakini akitazama mbele anaona vizuri. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa polepole, na uoni uliopotea haurudi hata kwa upasuaji. Matibabu, mara nyingi matone ya kila siku maisha yote, hulinda uliobaki. Kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja anayo, njoo upimwe hata kama unaona vizuri kabisa. Mwenye kisukari naye apimwe macho kila mwaka, kwa sababu sukari huharibu mishipa ya ndani ya jicho kimyakimya.

Sasa, matone ya dukani. Baadhi yana steroidi. Huondoa wekundu na mwasho upesi, ndiyo maana yanapendwa, lakini ukiyatumia muda mrefu bila kuangaliwa yanaweza kukuletea presha ya macho na mtoto wa jicho vyote viwili. Watoto wetu wenye macho ya kuwasha ndio hutiliwa sana, chupa baada ya chupa. Maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani pia tuviache. Jicho lililochomwa na mwiba, au jekundu linalouma na kuona ukungu, lifikishwe hospitalini siku hiyo.

Na mtoto akiwa na weupe katikati ya mboni, au jicho moja liking'aa jeupe kwenye picha ya simu, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Huenda ni saratani ya jicho, na kuwahi kunaweza kuokoa maisha yake.

Tunaanza. Utasimama mita 6 kutoka kwenye ile kadi na kufunika jicho moja moja. Kusoma si lazima, utaonyesha kwa vidole herufi imeelekea wapi. Mwenye miwani aje nayo, na mwenye chupa ya matone nyumbani amtume mtoto akailete, hata kama imekwisha.