Wasifu wa Kazi ni Ushahidi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Leo tunapenda kukumbushana jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la dini: ile karatasi aandikayo mtu anapoomba kazi, yaani wasifu wake, au CV kama tulivyozoea kuiita.

Twaifahamu hali ya vijana wetu. Humaliza masomo wakazunguka na bahasha mwaka baada ya mwaka, na nafasi moja hugombewa na watu wengi. Katika dhiki hiyo kijana huambiwa, na pengine na sisi wazazi wenyewe: "Ongeza kidogo, nani atajua?" Basi miezi mitatu ya kujitolea hugeuka miaka mitatu ya ajira, msaidizi wa stoo huwa mkuu wa stoo, chuo alichokiacha njiani huwa chuo alichohitimu, na mjomba huandikwa kuwa mdhamini kana kwamba alikuwa mwajiri wake.

Ndugu zetu, tusidanganyane. Wasifu ni ushahidi ambao mtu huutoa juu ya nafsi yake. Nasi twajua kwamba Mtume (s.a.w.) aliuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa; alikuwa ameegemea, lakini alipoutaja aliketi sawasawa, akaurudia mara nyingi. Tena siku moja sokoni alitia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kumelowa ilhali juu ni kukavu, akamkemea muuzaji kwa kuificha aibu ya bidhaa yake. Je, wasifu uliopambwa juu na kuoza chini si rundo lile lile?

Wala tusiseme kwamba hakuna anayeumia. Yuko kijana mwingine aliyeandika ukweli, akakosa nafasi kwa sababu ya uongo wetu. Na ikiwa kazi yenyewe ni ya kutibu wagonjwa au kuendesha basi, uongo huo waweza kuondoa roho za watu.

Uongo huo pia hauishi siku ya kuajiriwa. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma wa Tanzania. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wana familia na heshima mtaani. Kilichowaangusha ni karatasi ya zamani.

Je, uaminifu maana yake ni kujidunisha? La, hasha. Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba akabidhiwe hazina za Misri, alijitaja kuwa ni mlinzi mwenye ujuzi. Naye binti wa mzee wa Madyan, alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), alimsifu kwa nguvu na uaminifu. Kutaja sifa za kweli si kosa. Kijana aliyetunza fedha za msikiti, aliyefundisha madrasa au aliyesimamia duka la baba yake anao uzoefu. Na auandike kama ulivyo, kwa tarehe zake.

Nasi wakubwa tujihesabu. Anayeombwa udhamini asishuhudie asilolijua. Mwenye kuajiri asidai uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kufundishika kwa mwezi mmoja, wala asigawe nafasi kwa undugu. Kijana akiona ukweli haumfikishi popote, tumemfundisha sisi kusema uongo.

Na ambaye tayari amekwisha kuteleza, mlango wa toba uko wazi: aache, ajute, aazimie kutorudia, na arekebishe haki ya watu aliyoivunja. Aibu ya kusahihisha leo ni nyepesi kuliko fedheha ya kesho mbele ya Mola asiyehitaji uhakiki.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na ndimi za kweli. Amin.