Programu Huria: Tujue Zinatoka Wapi na Zinabadilikaje

Hotuba ya ofisi ya TEHAMA kwa wakazi wa kaunti



Wengi wenu mna simu za Android. Ndani yake mna Linux, programu huria iliyotolewa kwa umma na Linus Torvalds mwaka wa 1991. Takwimu za zahanati na vituo vyetu vya afya nazo huingizwa katika mfumo wa kitaifa uliojengwa juu ya DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kuurekebisha.

Lakini msimbo ukinakiliwa, kasoro yake hunakiliwa pia. Desemba 2021 ilitangazwa kasoro hatari katika Log4j, kipande kinachoandika kumbukumbu za matukio ndani ya programu nyingine. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu 2013. Rekebisho lilitolewa upesi. Kazi kubwa ilikuwa kujua kipande hicho kimeingia wapi.

Ndiyo sababu watafiti hawatazami programu moja moja tu. Mwaka wa 2016, taasisi ya Inria ya Ufaransa ilizindua hifadhi ya Software Heritage, inayokusanya msimbo ulio wazi kote duniani. Leo ina mabilioni ya faili. Kila faili hupewa kitambulisho kinachokokotolewa kutokana na yaliyomo. Faili zikifanana herufi kwa herufi, kitambulisho ni kimoja, nayo huhifadhiwa mara moja tu. Hivyo mtafiti anaweza kuuliza: faili hii mbovu ilionekana lini mara ya kwanza? Imenakiliwa katika miradi mingapi? Ni miradi ipi ingali nayo?

Haya yanatuhusu. Mifumo ya kaunti hulipiwa kwa kodi yenu. Katika vikao vya ushirikishaji wa umma, msiulize bei pekee. Ulizeni: mfumo huu umejengwa kwa vipande gani? Nani anaurekebisha, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Mkandarasi akiondoka, msimbo utabaki kwetu?

Nanyi vijana mnaojifunza kuandika programu, msimbo huu uko wazi. Usomeni, na mkiona kasoro, waarifuni wanaousimamia. Kila mwenye simu naye asiahirishe masasisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.