Mikono Iko Huru, Akili Iko Wapi?

Haya ni maandishi ya mazungumzo kuhusu usalama barabarani, yaliyoandaliwa kwa madereva, makanga, wahudumu wa bodaboda na wakazi wa Kaunti ya Taita Taveta.



Mazungumzo haya yanahusu swali moja ambalo madereva huuliza mara kwa mara. Dereva akiweka simu kwenye spika au akivaa visikizi masikioni, na mikono yote miwili ikabaki kwenye usukani, kosa liko wapi? Kwa nini asiruhusiwe kuongea?

Katika kaunti hii swali hilo lina uzito wake. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi hupita Maungu na Voi, na malori hayakatiki usiku wala mchana. Kutoka Voi, barabara nyingine huelekea Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta na mpaka wa Holili. Ile ya Wundanyi hupanda mlima, kona baada ya kona. Kenya imepoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka tangu 2021, na nyuma ya kila mmoja wao kuna nyumba iliyobaki na pengo. Kwa hiyo swali la madereva linastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa kukemewa.

SHERIA ILIVYO

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtaja dereva anayetumia simu gari likiwa linatembea. Faini yake ni shilingi 2,000. Wengi wameielewa kanuni hiyo kuwa ni marufuku ya kushika simu. Ndiyo maana leo gari nyingi zina kishikio cha simu karibu na kioo cha mbele, na mhudumu wa bodaboda huisukuma simu ndani ya helmeti, ikabanwa kati ya sikio na sponji, huku akiendelea na safari na mazungumzo.

Sheria za trafiki hutungwa na serikali ya kitaifa, na polisi ndio wanaozisimamia. Hata hivyo, Ratiba ya Nne ya Katiba inaipa kaunti jukumu la uchukuzi wa kaunti: barabara za kaunti, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, ya mwaka 2012, pia iliweka Kamati za Uchukuzi na Usalama za Kaunti. Maoni ya mkazi wa Mwatate au Taveta yana mahali pa kupelekwa.

HOJA ZA WANAOTAKA IRUHUSIWE

Hoja ya kwanza ni riziki. Dereva aliyepakia ndizi na nyanya Taveta kupeleka Kongowea ana mzigo unaoharibika. Mnunuzi anataka kujua atafika saa ngapi, na mwenye shamba anataka kujua bei. Mhudumu wa bodaboda naye hula kwa simu. Asipojibu, mteja humpigia mwingine.

Hoja ya pili ni usingizi. Madereva wa masafa marefu husema kwamba saa tisa usiku, kwenye barabara iliyonyooka, sauti ya mtu wanayemfahamu huwaweka macho.

Hoja hiyo haikosi utafiti wa kuiunga mkono. Mwaka 2009, watafiti wa Virginia Tech nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia madereva wa malori kwa kamera zilizowekwa ndani ya magari yao. Waliona kwamba dereva anayeandika ujumbe wa simu alikuwa katika hatari zaidi ya mara 23 ya kupata ajali au kuikosakosa. Lakini kwa wale waliokuwa wakiongea tu bila kushika simu, hawakuona hatari ikiongezeka.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Tafiti nyingine zilichukua njia tofauti. Zilianza na ajali zilizokwisha kutokea, kisha zikarudi nyuma kuangalia rekodi za simu za dereva katika dakika za kabla ya kugongana.

Huko Toronto, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwachunguza madereva 699. Ulipata kwamba dereva anapokuwa kwenye simu, hatari ya kugongana huwa takriban mara nne ya kawaida. Huko Perth, Australia, utafiti wa mwaka 2005 uliwachunguza madereva 456 waliofika hospitalini baada ya ajali. Jibu lilikuwa lile lile, mara nne. Katika tafiti zote mbili, waliokuwa wakiongea bila kushika simu hawakuonekana kuwa salama kuliko walioishika. Shirika la Afya Duniani nalo hutoa onyo hilo hilo: simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa kuliko ile iliyoshikwa.

Mtu anaweza kuuliza ni utafiti upi wa kuaminiwa. Kamera huona macho yalikoelekea na mikono iliposhika, lakini haioni mawazo ya dereva yako wapi. Tena, lori lililo peke yake kwenye barabara kuu saa nane usiku si sawa na matatu inayoingia Voi saa kumi na mbili jioni, watoto wakivuka, tuktuk zikikata mbele na mikokoteni ikiwa pembeni.

KINACHOTOKEA KICHWANI

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaweka madereva kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji na kuwapa simu za kuongea bila kushika. Madereva walitazama moja kwa moja vitu vilivyokuwa kando ya barabara, lakini walipoulizwa baadaye hawakuvikumbuka. Macho yaliona, akili haikupokea. Mwaka 2006, watafiti hao walilinganisha madereva wanaoongea kwa simu na madereva waliokunywa hadi kiwango ambacho sheria za Marekani humhesabu mtu kuwa mlevi. Walipata kwamba uendeshaji wa makundi yote mawili ulikuwa umeharibika kwa kiwango kinachokaribiana, ingawa si kwa namna moja. Simu iliyoshikwa na isiyoshikwa hazikutofautiana.

Walete matokeo hayo kwenye barabara ya Mwatate kwenda Maktau jua likizama. Ndovu ana rangi ya vumbi, na lami nayo ina rangi hiyo hiyo saa hiyo. Havai taa wala hapigi honi. Dereva anahitaji akili yake yote ili kutambua kwamba kile kivuli kilicho mbele kina miguu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu za kutafakari bei ya nyanya ni mita 66 ambazo dereva hakuwepo, ingawa macho yalikuwa wazi na mikono ilikuwa kwenye usukani.

Wengine husema, mbona dereva huongea na abiria aliyeketi kando yake na hakuna faini? Tofauti ni kwamba abiria anaiona barabara. Ndovu akitokea, abiria hunyamaza, au hupiga kelele kumwonya dereva. Makanga akiona kona ya Wundanyi inakuja na lori linashuka, hukatiza hadithi yake bila kuambiwa. Mnunuzi aliye Kongowea haoni kitu. Yeye huendelea kuuliza, na dereva kwa heshima huendelea kujibu.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Kwa dereva anayeongea kwa simu, mkono umeshika kitu kimoja tu, lakini akili imeshika viwili.

JE, IPIGWE MARUFUKU?

Nchi nyingi zimesita. Uingereza ilipiga marufuku kushika simu mwaka 2003, ikaacha ile isiyoshikwa. Mwaka 2019 kamati ya wabunge wake ilitaka wananchi waulizwe kuhusu kuipiga marufuku hiyo pia, na serikali haikukubali. Marekani, bodi ya kitaifa ya usalama wa usafiri ilipendekeza mwaka 2011 kwamba majimbo yote yazuie hata simu zisizoshikwa, isipokuwa kwa dharura. Ilifanya hivyo baada ya ajali ya mwaka 2010 huko Missouri iliyoua watu 2 na kujeruhi 38, ambapo dereva mmoja alikuwa akiandika ujumbe. Hakuna jimbo lililofika huko kwa madereva wote.

Sababu moja ya kusita ni ngumu kukwepa. Afisa wa trafiki aliyesimama Maungu anaweza kuona mkono ulioshika simu. Hawezi kujua kama midomo ya dereva inaimba, inasali au inaongea na mke wake. Sheria isiyoweza kuthibitishwa hugeuka kuwa mazungumzo ya kitu kidogo kando ya barabara, na kila mkazi anajua mazungumzo hayo huishia wapi.

Lakini ugumu wa kukamata haufanyi jambo liwe salama. Jibu la swali la mwanzo ni hili: dereva aliyebeba roho za watu asiongee kwa simu gari likitembea, iwe mkononi, kwenye spika au ndani ya helmeti. Hapa wanaingia madereva wa matatu, mabasi ya shule, ambulensi, malori mazito na bodaboda. Wa gari dogo la binafsi naye asidanganyike kwamba kishikio cha simu kimemkinga. Kimempunguzia kosa moja tu, la kuondoa mkono kwenye usukani.

SIMU INA PANDE MBILI

Mzigo wote umekuwa ukitwikwa dereva. Lakini kila simu anayojibu njiani, kuna mtu aliyeipiga. Mara nyingi mtu huyo hayuko barabarani. Ameketi ofisini, sokoni au nyumbani, na yeye ndiye anayeweza kusubiri. Polisi hawawezi kuyasimamia yafuatayo, lakini wakazi wanaweza.

Kwa familia: swali la kwanza liwe, "Unaendesha?" Jibu likiwa ndiyo, sema, "Basi nitakupigia ukifika," na ukate. Kumkatia mume, mke au mtoto simu kwa sababu hiyo si kumkosea adabu.

Kwa wafanyabiashara na wenye mizigo: kubalianeni kabla ya safari kwamba dereva atapiga akisimama, kwa mfano Taveta kabla ya kuondoka, kisha Mwatate, Voi na Maungu. Kati ya vituo hivyo, mzigo hautafika mapema kwa sababu umempigia dereva mara tano.

Kwa SACCO na wenye magari: mpigieni makanga. Yeye ndiye anayejua abiria wangapi wamepanda, na hana usukani. Mwenye gari anayemfokea dereva kwa kutojibu simu njiani ndiye anayemfundisha kujibu.

Kwa huduma za dharura: simu ya ambulensi ijibiwe na mhudumu wa afya aliye ndani, si dereva. Akiwa peke yake, asimame.

Kwa bodaboda: ikiita, ondoka barabarani, simama, vua helmeti, jibu. Mteja wa kweli atasubiri dakika moja. Simu iliyobanwa kwenye helmeti pia huziba sikio linalotakiwa kusikia lori la nyuma.

Kwa madereva wa usiku wanaosinzia: simu haiondoi usingizi, huuficha kwa muda. Egesha mahali salama, lala hata dakika ishirini, kisha endelea.

Kwa abiria: nauli uliyolipa inakupa haki ya kusema. "Dereva, tafadhali weka simu, tutakusubiri ukisimama," ni maneno ya heshima, na yakitoka kwa abiria watatu yana nguvu kuliko yakitoka kwa mmoja.

Kuna msemo unaopendwa sana kwenye matanga: ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji waliofiwa, na haifai kuwanyang'anya. Lakini kabla ya ajali, ukiwa bado na simu mkononi na kidole kiko juu ya jina la dereva, kinga ipo.

Viongozi wa SACCO na vyama vya bodaboda wanaombwa kuyajadili haya na wanachama wao na kuandika kanuni zao wenyewe bila kusubiri sheria mpya. Wakazi wenye maoni, yawe ya kuunga mkono au ya kupinga, wayafikishe kwa afisi za wadi ili yawasilishwe mbele ya kamati inayohusika. Anayepinga asisite, hasa akiwa dereva, kwa sababu yeye ndiye atakayeishi na kanuni hiyo kila siku.