Somo la Redio: Kusoma Betri ya Gari Kabla ya Kuinunua

Shikeni daftari na kalamu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maandishi haya: 55B24L.

Maandishi ya namna hiyo yamechapwa juu ya betri za magari mengi ya Kijapani. Mtu asiyejua kusoma huyaona kama mapambo, na muuzaji asiye mwaminifu humpa betri yoyote iliyo karibu. Dereva wa teksi akiuziwa betri isiyofaa, hupoteza fedha zake, kisha hupoteza na chumo la siku. Basi leo tutayasoma.

Lakini kwanza tuulize: je, betri ndiyo mbovu? Betri ya kawaida ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Mwombe fundi aipime asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha chini ya 12, imeishiwa umeme. Lakini kuishiwa si kufa. Sasa washeni injini. Katika magari mengi kipimo hupanda kufika kati ya 13.5 na 14.5. Kisipopanda, chunguzeni alteneta, yaani mtambo unaoijaza betri, na mkanda wake na nyaya zake. Ukinunua betri mpya kabla ya kutengeneza hapo, nayo itaishiwa vilevile. Tazameni pia vichwa vya betri. Kutu na nati zilizolegea huzuia umeme, na mara nyingine kusafisha na kukaza kunatosha. Lakini betri iliyochajiwa ikajaa, ikalala imefunguliwa nyaya zake, na asubuhi ikakutwa imeshuka sana, hiyo imechoka.

Sasa turudi ubaoni.

55 ni nguvu ya betri. Usichukue namba iliyo chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari.

B ni kipimo cha upana na kimo chake.

24 ni urefu wake kwa sentimita. Betri ndefu mno haiingii katika kitako chake. Fupi mno hucheza njiani na kuharibika.

L huonyesha upande wa kichwa chanya, chenye alama +. Simama mbele ya ubavu mfupi ulio karibu na kichwa hicho. Kikiwa kushoto kwako, ni L. Kikiwa kuume, ni R. Ukikosea hapa, huenda nyaya zisifike, au mtu azigeuze na kuunguza vifaa vya gari.

Mkiona S mwishoni, kama 55B24LS, vichwa vyake ni vinene.

Tena someni tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa dukani siku nyingi hupungua nguvu. Ipimwe mbele yako. Ikiwa chini ya volti 12.4, iombee kuchajiwa au uombe nyingine.

Je, gari la mseto, linalotumia petroli na umeme, kama Toyota Prius? Hilo lina betri mbili. Kubwa huendesha gari, na katika Prius ina volti zaidi ya 200. Ndogo ni ya volti 12, na kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari. Ndogo ikiisha, gari zima hunyamaza, na mwenyewe huweza kuambiwa kwamba kubwa imekufa. Msikubali kulipia betri kubwa kabla ndogo haijapimwa! Betri ndogo ikiwa ndani ya buti, chagueni aina iliyokusudiwa kukaa humo, yenye mpira wa kupeleka hewa yake nje. Nyaya za rangi ya chungwa msiziguse kamwe; umeme wake huua. Mwiteni fundi aliyefundishwa kazi hiyo.

Wakati wa kubadilisha, zimeni gari. Fungueni kwanza waya wa hasi, wenye alama –, kisha wa chanya. Wakati wa kufunga, anzeni na chanya. Msivute sigara karibu, na asidi ikiwarukia, osheni kwa maji mengi.

Betri ya zamani irudisheni dukani au kwa mnunuzi mwenye kibali. Ndani yake mna risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyewapigania, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Basi usiivunje betri uani kwako.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Betri mpya imeisha baada ya siku mbili. Mtapima nini kwanza?
2. Someni: 80D26R. Urefu wake ni sentimita ngapi? Kichwa chanya kiko upande gani?
3. Kwa nini gari la mseto hunyamaza hata betri kubwa ikiwa nzima?

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja anakili maandishi ya betri moja ya gari, aje ayasome mbele ya wenzake. Kwaherini.