Shimo Si Pipa: Maji ya Kufulia Yanakwenda Wapi?

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa sherehe za kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Nimepewa dakika 20 nizungumzie shimo la maji machafu. Najua wengine mlitegemea habari za hisa na gawio. Hizo mweka hazina ameshazisoma, na amezisoma vizuri. Mimi nimeombwa niseme habari ya shimo kwa sababu katika miaka yote 10 ya kikundi chetu hapa Mbagala hakuna mkopo uliotugombanisha kama mkopo wa shimo langu. Wengi mnakijua kisa hicho kwa kusimuliwa. Leo mkisikie kwa mwenyewe.

Mwaka wa nne wa kikundi nilikopa shilingi 900,000. Nyumbani tulikuwa watu 8. Maji ya kufulia, ya kuoga na ya kuoshea vyombo tulikuwa tunayamwaga uani, na yakizidi yanakwenda njiani. Njia ya kwetu ikawa tope mwaka mzima, na mbu, na harufu. Nikaona aibu, nikamwita fundi. Akachimba mita 2 kwa mita 2, kina mita 2 na nusu. Akajenga kwa tofali za saruji, akapiga lipu kuta zote, akamwaga zege chini. Kazi safi, jamani! Ukichungulia ungedhani ni tanki la maji ya kunywa. Nilimlipa, na soda nikamnunulia.

Siku ya thelathini na tano maji yakaanza kutoka pembeni ya mfuniko.

Hebu tupige hesabu ambayo mimi sikuipiga wakati ule. Bomba liliingia nusu mita chini ya mfuniko, kwa hiyo nafasi ya maji ilikuwa mita 2 kwa 2 kwa 2. Hizo ni lita 8,000, yaani ndoo 400 zile za lita 20. Watu 8, kila mtu ndoo moja na nusu kwa siku, ni ndoo 12. Gawanya 400 kwa 12 unapata siku 33. Shimo halikuharibika hata kidogo, akina mama. Lilijaa kwa kalenda! Fundi alinijengea pipa, na pipa likijaa sharti limwagwe. Gari la kunyonya maji machafu nililiita mara mbili, na marejesho yangu ya miezi ile mnayakumbuka yalivyosuasua.

Ndipo nikafanya kosa la pili, na hili fundi hakunituma. Nilimpa kijana mmoja sululu akatoboa sakafu ya lile shimo. Ilikuwa mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Maji yakashuka, nikashangilia. Baada ya wiki chache jirani yangu, mama mtu mzima, mwanachama mwanzilishi wa kikundi hiki, alikuja mlangoni na ndoo ya maji aliyoteka kisimani kwake. Kutoka shimo langu mpaka kisima chake ni hatua kama 12.

Akaniambia, "Mwanangu, nusa."

Nikanusa. Sabuni.

Nikamjibu, "Shikamoo mama. Lakini haya si ya choo, ni ya kufulia tu." Jibu hilo naona haya kulirudia, lakini nalirudia kwa sababu nalisikia mitaani mpaka leo. Mjukuu wake aliharisha wiki ile ile. Sisemi ni kisima, wala siwezi kuapa kwamba si kisima. Nilipokuja kwenye mkutano kuomba mkopo wa pili nirekebishe shimo, yule mama alisimama akauliza, "Fedha zangu mimi zichimbe shimo la kuharibu kisima changu?" Hakuna aliyejibu. Wanachama watatu walitaka kutoa hisa zao siku ile. Mwenyekiti ni shahidi.

Sasa nieleze habari hii ya "maji ya kufulia tu". Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London, Uingereza, kwa siku chache. Daktari John Snow aliona kwamba waliokufa wengi walikunywa maji ya pampu moja, ya Broad Street. Baadaye ilijulikana maradhi yaliingiaje kisimani. Katika nyumba namba 40, mbele ya pampu ile, mtoto mchanga aliharisha. Mama yake akaloweka nepi, na maji yake akayamwaga kwenye shimo la nyumba. Shimo lile lilikuwa limechakaa, na kutoka hapo mpaka kisimani haikufika hata mita moja. Mama yule hakumwaga kinyesi kwa makusudi, alikuwa anafua. Nani kati yetu hajamwaga maji ya nepi? Na sisi si wageni wa maradhi hayo, maana Agosti 2015 kipindupindu kilianzia hapa hapa Dar es Salaam kikaenea mikoani.

Aliyenifungua macho ni bwana afya mstaafu wa mtaa wetu. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba shimo la kunyonya halifanyi kazi kwa ukubwa wa tumbo lake, linafanya kazi kwa ukuta. Chini kunaziba mapema, kwa sababu tope na mafuta hutuama hapo. Ukuta ndio unaoendelea kunywa. Kwa hiyo usiulize shimo linabeba ndoo ngapi, uliza ukuta wake unakunywa ndoo ngapi kwa siku. Kipande cha ukuta cha mita 1 kwa mita 1, maji yakiwa yameshachujwa makapi, kwenye mchanga mnene hunywa kama lita 50 kwa siku. Kwenye udongo tifutifu ni kama 20 au 25. Kwenye mfinyanzi ni 10, au pungufu, na mfinyanzi mwingine haunywi kabisa.

Utajuaje udongo wako? Unaupima, na kupima ni kazi ya siku mbili. Chimba vijishimo vitatu, sehemu mbalimbali za kiwanja, vifike nusu mita chini ya pale unapotarajia shimo liishie. Vijaze maji jioni, uviache vilale, udongo ushibe. Ukipima udongo mkavu utadanganyika, maana kiangazi kila udongo unakunywa! Asubuhi tia maji yafike kina cha sentimita 30. Baada ya nusu saa weka alama kwenye kijiti, na baada ya saa moja nyingine weka alama ya pili. Kati ya alama hizo mbili maji yawe yameshuka angalau sentimita 1 na nusu katika kila kijishimo. Yakishuka pungufu ya hapo, acha, usipoteze fedha. Nako kushuka haraka mno si heri kama tunavyodhani. Maji yanayokimbia mchangani hayapati muda wa kuchujwa, na yanafika kisimani yakiwa na uchafu wao.

Kwangu yalishuka sentimita 2. Bwana afya akasema tuhesabu lita 20.

Halafu akanipeleka kwa yule jirani, tukaomba ruhusa, tukateremsha kamba yenye jiwe kisimani. Ilikuwa masika bado. Maji yalikuwa mita 3 na nusu kutoka juu ya ardhi. Kanuni ni kwamba chini ya shimo pabaki angalau mita 2 za udongo mkavu kabla ya kufika maji ya ardhini, kwa sababu ni huo udongo unaochuja. Toa 2 kwenye 3 na nusu, inabaki 1 na nusu. Basi. Mimi sikuwa na haki ya kwenda chini zaidi ya mita 1 na nusu, na lile pipa langu lilikuwa mita 2 na nusu! Nilipotoboa sakafu nilikuwa kama niliyemimina beseni langu kisimani kwa mkono.

Ukinyimwa kina, unatafuta urefu. Lita 240 kwa siku, gawanya kwa 20, unahitaji mita 12 za mraba za ukuta. Tulichimba mtaro, si shimo: upana sentimita 60, kina mita 1 na nusu, bomba likiingia nusu mita kutoka juu. Chini ya bomba inabaki mita 1 ya ukuta kila upande, kwa hiyo kila mita ya urefu inatoa mita 2 za mraba. Mtaro wa mita 6 ukatosha. Mwenzangu wa bondeni mwenye mfinyanzi wa lita 10 angehitaji mita 12 kwa watu wale wale. Na mwenye mchanga mzuri, kisima kikiwa mbali na maji yakiwa chini sana, achimbe tu shimo lake la mviringo. Kipenyo cha mita 1 na nusu, ukuta wa mita 1 chini ya bomba, tayari ana karibu mita 5 za mraba, na kwa lita 50 anamaliza.

Ndani ya mtaro tulijaza mawe na vipande vya tofali vya kuchoma, vikubwa chini, kokoto juu. Juu yake bomba la plastiki lililotobolewa matundu, karibu usawa kabisa ili maji yasikimbilie mwisho. Kokoto tena kidogo, kisha mifuko ya salfeti kuzuia udongo usiteremke kwenye mawe, ndipo udongo. Saruji haikuingia. Anayejenga shimo la tofali badala ya mawe aache viungo vya pembeni bila saruji, ajenge kwa saruji nusu mita ya juu tu, ili mfuniko ukae imara na maji ya mvua yasiingie. Na vijana wanaochimba mchanga msiwaache washuke bila kuzuia kuta kwa mbao. Mchanga hauna taarifa.

Kabla ya mtaro tuliweka ndoo kuu mbili. Ya kwanza maji yanatulia, mafuta yanaelea, ukoko wa wali unazama. Ya pili ina kokoto na mchanga. Mafuta ya kupikia ndiyo adui wa ukuta, kuliko hata sabuni. Ndoo hizo nazisafisha kila Jumamosi, na si kazi ya kupendeza. Maji ya choo hayaingii humo, yana chemba yake. Wala maji ya bati. Mvua moja ya bati inajaza mtaro wote.

Ukitunzwa, mtaro wa namna hii unakwenda miaka 3 mpaka 5 bila kuguswa. Wangu niliufukua mita ya kwanza baada ya miaka mitatu, nikakuta mawe ya karibu na bomba yameshika utelezi mweusi. Tuliyatoa, tukayaosha, tukayarudisha. Lile pipa la zamani tulilifukia.

Limebaki jambo la kisima. Kanuni inataka mita 30 kati ya shimo na kisima cha maji ya kunywa. Tulihamishia mtaro upande wa pili wa kiwanja, mita 3 kutoka msingi wa nyumba, na bado tulipata mita 22 tu. Viwanja vyetu ndivyo vilivyo. Sikutaka kumdanganya yule mama kwamba 22 ni 30. Tulikaa mbele ya mwenyekiti na mjumbe tukakubaliana kisima kiwe cha kufulia na kudeki, na maji ya kunywa achote kwenye bomba langu bila kulipa. Ndipo akanyoosha mkono mkopo wangu wa pili ukapita.

Tangu siku ile kamati haipitishi mkopo wa shimo mpaka mwombaji alete vipimo vya vijishimo vitatu na kina cha maji ya kisima cha karibu kilichopimwa masika. Wapo wanaonung'unika kwamba tunachelewesha. Kamba yenye mafundo ya kila nusu mita ipo kwa mweka hazina, na kijiti cha alama kipo, haviazimwi kwa fedha. Fundi anayetaka kuona mtaro wenyewe aje kwangu tukitoka hapa. Asishangae akimkuta mama mmoja bombani na ndoo zake, ni wa nyumbani.