Kituo cha Uchunguzi Kipimwe kwa Kipimo Gani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wazee, walimu na wakulima)



Tumeombwa kusema machache juu ya vituo vya uchunguzi, yaani mahali ambapo wataalamu hujaribu mbegu na udongo kabla mkulima hajaambiwa apande hiki au kile. Lililotuleta hapa ni swali la mzee mmoja katika mkutano uliopita. Alisimama akasema: “Shamba lile la majaribio limekaa miaka saba katika ardhi yetu. Limezaa nini? Kama halikuzaa kitu, turudishiwe ardhi tulime.” Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile ni la haki, na kila alaye mshahara utokao katika kodi ya watu hana budi kulijibu.

Twapenda kulijibu kwa habari za Amani.

Amani iko katika milima ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza, mahali pa msitu na mvua nyingi. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walijenga kituo pale mwaka 1902. Kabla ya hapo walowezi wao walikuwa wamekwisha kufyeka msitu wakapanda kahawa, wakidhani kwamba udongo uwezao kukuza miti mikubwa namna ile hauwezi kuinyima mikahawa chakula. Mikahawa ikadhoofika, na fedha nyingi ikapotea. Angalieni jinsi mpango ulivyopinduliwa: shamba kwanza, uchunguzi baadaye.

Tena mahali penyewe palikuwa na kasoro. Baridi ya mlima iliwafaa wageni, lakini mkulima wa Dodoma hana mvua ya Amani, wala wa pwani hana udongo wake. Mti uliostawi pale haukuwa ushahidi kwamba utastawi kwake. Hata hivyo kazi haikuwa bure. Katika vita ya 1914 hata 1918, njia za bahari zilipofungwa, Amani ilitoa kwinini kutokana na magome ya miti iliyopandwa huko kwa majaribio.

Baada ya vita kazi ilizorota, kisha Waingereza wakaifufua mwishoni mwa miaka ya 1920. Bwana G. Milne, mtaalamu wa udongo, hakukaa mlimani tu. Alisafiri nchini akaona kwamba udongo hubadilika kwa utaratibu toka kilele cha kilima hata bondeni, na mwaka 1935 akaupa utaratibu huo jina la katena, maana yake mnyororo. Jina hilo limeingia katika vitabu vya udongo vya dunia nzima. Wazee wetu walijua zamani kwamba mbuga si kilima. Lakini yeye aliliandika jambo hilo na kulichora, nalo likaweza kufika mbali.

Sasa tuje kwenye muhogo, maana hapa ndipo penye jibu.

Mnaujua ugonjwa wa batobato. Majani hujikunja na kupata mabaka ya manjano, na mizizi hupungua mpaka mtu akavuna vidole badala ya mihogo. Katika miaka ya 1930 Bwana H. H. Storey na mwenziwe Nichols walionyesha huko Amani kwamba ugonjwa huo huchukuliwa na nzi weupe wadogo. Kuwaua nzi hao wote hakuwezekani. Basi wakatafuta muhogo usioshindwa upesi. Waliuchanganya muhogo na jamaa yake, ule mpira wa Ceara ambao Wadachi walikuwa wameupanda kwa wingi, ukaachwa bei ya mpira ilipoanguka karibu na mwaka 1913. Mti ulioonekana kuwa hasara tupu ukapata kazi nyingine.

Mzao wa kwanza ulivumilia batobato, lakini mizizi yake haikufaa kitu. Wakauchanganya tena na muhogo, wakachagua, mingi wakaitupa. Wakarudia mara ya pili, na ya tatu. Kama mkaguzi angalifika wakati ule akauliza, “Wananchi wamekula magunia mangapi?” jibu lingalikuwa: hakuna.

Kisha kazi ya kilimo ikahamishwa kwenda Muguga, karibu na Nairobi, na Amani ikawa mahali pa uchunguzi wa malaria. Lakini mbegu za ile mihogo zilikuwa na namba, na ukoo wake ulikuwa umeandikwa. Katika miaka ya 1950 nyingine zilipelekwa Nigeria, na humo ukapatikana mmea uliopewa namba 58308. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa kituo cha kimataifa cha Ibadan, kilichoanzishwa mwaka 1967, waliutumia kuzalisha mihogo mipya. Batobato kali ilipoangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, aina za uzao huo wa Ibadan zilikuwa miongoni mwa zile zilizogawiwa wakulima, nao wakarudi kupanda muhogo. Hesabuni wenyewe: tangu kazi ilipoanza Usambara ilikwisha kupita miaka hamsini na zaidi.

Lakini mtu asiifanye habari hii kuwa ngao ya uvivu. Si kila kituo kisemacho “ngojeni” kina muhogo wa Amani ghalani. Storey alikuwa na swali moja lililo wazi, na kila mwaka aliweza kuonyesha amefika wapi nalo. Hicho ndicho twaweza kukipima hata kabla ya mavuno.

Sisi wenyewe tumewahi kupima vibaya. Tulipokuwa na kazi ya ukarani katika kituo kimoja, tuliandika taarifa ya mwaka kwa hati nzuri: wageni kadha, mikutano kadha, miche iliyogawiwa kadha. Wakubwa wakaisifu. Baadaye tulipita vijijini kwa baiskeli, tukaikuta miche ile imekauka nyuma ya nyumba, ingali ndani ya makopo yake, maana iligawiwa kiangazi. Katika taarifa yetu ilikuwa imehesabiwa kuwa ni faida.

Turudi kwa mzee wetu. Tumelisoma daftari la shamba lile la majaribio. Mavuno ya miaka saba yameandikwa humo, ratili kwa ratili. Lakini swali ambalo shamba lilifunguliwa ili kulijibu halikuandikwa popote. Basi mzee alikuwa na haki kuliko alivyojua.

Hatukubali bado kwamba ardhi irudishwe. Tumewaomba wenye kituo wapewe misimu miwili, waandike swali lao katika ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, na mbegu zile zile zipandwe katika mashamba matatu ya wenyeji, kwa jembe la mkono na pasipo mbolea ya kituo. Nao wamekubali. Mzee mwenyewe ametoa kipande chake cha bondeni. Mavuno ya kwanza yatapimwa baada ya masika, naye ndiye atakayeshika daftari. Walimu tunawaomba waje na mizani ya shule.