Kuku Ale Nini Mahindi Yakipanda Bei

Leo tunajibu swali la mama mmoja wa Katubza, hapa hapa Dzaleka. Mama huyo ana kuku majike tisa na jogoo mmoja. Shemeji yake aliyehamia Kanada alimtumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, akamwambia kwamba huko wafugaji huwapa kuku shayiri, tena huiotesha kwanza mpaka itoe chipukizi, na kuku hutaga vizuri. Mama anauliza: shayiri nitaipata wapi Lilongwe? Na nikiikosa, naweza kuotesha mtama badala yake?

Swali la pili ndilo lililonishtua. Lakini tuanze na la kwanza.

Shayiri ni nafaka inayopenda baridi. Kwa upande wetu wa Afrika inalimwa nyanda za juu, kama vile Narok na Timau kule Kenya, au Kilimanjaro Magharibi kule Tanzania, na nyingi huishia kwenye viwanda vya bia. Wewe uliyetoka Bukavu huenda umeiona bila kujua jina lake. Yale machicha ya kiwanda cha bia ambayo wafugaji wa nguruwe walikuwa wakigombania, ambayo wengi wetu tuliyaita dreshi, ni shayiri iliyokwisha kukamuliwa utamu wake. Hapa Malawi huwezi kuikuta sokoni kwa bei ya kulishia kuku, kwa hiyo usipoteze nauli ya minibasi kwenda kuitafuta. Hata huko iliko tele, vifaranga hawakui vizuri wakila nyingi, kwa sababu inaleta ute tumboni na kinyesi kinanata. Ndiyo maana watu huiloweka au kuiotesha. Shemeji hakudanganya, ila alisema mambo ya kule aliko.

Sasa sikiliza hili vizuri, mama. Mtama si shayiri. Chipukizi la mtama lina sumu ndani yake, sumu ya jamii ile ile iliyo kwenye muhogo mchungu, inayotufanya tuloweke muhogo siku kadhaa kabla ya kupata unga wa fufu. Wachungaji wanaijua: ng'ombe akiingia kwenye shamba la mtama mchanga anaweza kufa siku hiyo hiyo. Wapika pombe huotesha mtama, ni kweli, lakini wao huukausha, huondoa mizizi na machipukizi, kisha huuchemsha. Wewe usimpe kuku mtama uliochipua. Uloweke usiku mmoja tu, asubuhi mwaga maji na umpe. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua mtama mweupe. Ule mwekundu una uchungu unaomzuia kuku kufaidi chakula alichokula.

Hapo nimejibu. Lakini nadhani mama anauliza jambo kubwa zaidi, nalo wengi wetu tunalo moyoni bila kulitamka.

Kuku mmoja mkubwa hula kama gramu 100 mpaka 120 kwa siku. Kuku kumi, basi, ni kilo moja kwa siku, kilo 30 kwa mwezi. Piga hesabu: kilo 30 za unga zinalisha nyumba yako siku ngapi? Kijijini kuku angejitafutia sehemu kubwa ya chakula chake, lakini Dzaleka ilipofunguliwa mwaka 1994 ilipangwa kwa watu kama elfu kumi hivi, na leo tumepita elfu hamsini. Kuku ataparua wapi? Msaada wa chakula nao umepunguzwa mara kadhaa, na wengi waliorudishwa kambini mwaka 2023 kutoka Lilongwe na wilaya nyingine walianza upya mikono mitupu. Kwa hiyo ukimmwagia kuku mahindi mazima mwezi wa Januari, kabla mavuno ya Aprili hayajafika, jua kwamba umeyatoa kwenye sahani ya mtu. Mimi siwalaumu wanaofanya hivyo, maana yai nalo ni chakula cha mtoto. Nasema tu kwamba ipo njia nyingine.

Kuku ale kile ambacho watu hawali. Cha kwanza ni pumba za mahindi, ambazo hapa sote tumejifunza kuziita madeya. Utayapata kwenye kila chigayo, na mavuno yakiwa mapya bei yake hushuka. Nunua wakati huo, yaanike, uyaweke juu ya mbao, si juu ya udongo. Mwaka wa njaa kali watu nao hula madeya, na mwaka kama huo usishindane nao. Punguza kuku. Machicha ya pombe ya kienyeji ni mazuri pia, iwe ya mahindi au ya mtama, lakini yatumie siku ile ile au yaanike juani mpaka yakauke kabisa. Zipo pia chenga za mchele, na ulezi unaomwagika pembeni ya magunia. Ulezi ni mdogo, vifaranga wanaumeza bila shida.

Hapa nikueleze kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili wa kufuga nilipata gunia la madeya kwa nusu ya bei. Yalikuwa yamenyeshewa, yana mabonge, na yakinukia kama nguo iliyofungiwa mbichi. Nikajiambia, kuku hachagui. Nilikuwa na vifaranga 17. Walianza kuinamisha mabawa, wakaacha kula, na ndani ya siku kumi nikabaki na watatu. Jirani alisema ni uchawi. Mimi naamini yalikuwa madeya yale.

Ukungu ule hutengeneza sumu inayoitwa sumukuvu. Inaharibu ini. Vifaranga na bata ndio wanaoangushwa haraka, lakini hata kuku mkubwa hupunguza mayai, na sumu inaweza kupita mpaka kwenye ini na yai utakalokula wewe. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, kule Makueni na Kitui nchini Kenya na wilaya za jirani, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Kwa hiyo mahindi yaliyooza na karanga zilizooza usizipeleke bandani kwa kusema angalau kuku watafaidi. Zichome au zifukie mbali. Na wewe unayebakiwa na mbegu za kupanda zenye rangi ya waridi au kijani, hiyo rangi inaonyesha zimetiwa dawa. Kuku asizile, na mtu asizile, hata zikioshwa.

Nafaka peke yake humshibisha kuku lakini haimpi cha kutengenezea yai. Watu wengi husema kuku wangu wanene ila hawatagi, na ukiuliza wanakula nini, ni madeya matupu. Anahitaji kitu cha kujenga mwili, na hapa Dowa tuna bahati: soya inalimwa pande zote zinazotuzunguka. Soya mbichi, hata hivyo, inazuia tumbo la kuku lisifanye kazi yake. Ikaange juu ya moto mdogo ukigeuza mpaka ibadilike rangi na ganda litoke, ndipo uitwange.

Mchanganyiko ninaotumia kwa kuku wanaotaga, kwa kilo kumi, ni huu: kilo nne za madeya, kilo tatu za mtama au mahindi yaliyovunjika, kilo mbili za soya iliyokaangwa, nusu kilo ya usipa waliokaushwa na kutwangwa, na nusu kilo ya maganda ya mayai. Maganda yachome kidogo kwanza kisha uyasage, ili kuku asizoee ladha ya yai akaanza kula mayai yake. Pima kwa mizani ya dukani, si kwa kikombe, maana madeya ni mepesi na kikombe kitakudanganya. Usipa wakiwa wa chumvi, usiongeze chumvi yoyote. Chumvi nyingi huua kuku. Wewe uliye Lilongwe utapata soya na usipa soko kuu au Lizulu. Sisi wa kambini, watu watatu wanaweza kuchanga, mmoja akaenda mjini, mkagawana mzigo na nauli.

Ukikosa usipa, kuna mchwa. Chukua chungu kikuukuu, weka ndani mabua ya mahindi na kinyesi cha ng'ombe kilicholowanishwa, kifunike kifudifudi chini kwenye njia ya mchwa jioni. Alfajiri utakuta wamejaa. Watikise mbele ya kuku kabla jua halijawa kali, uone watakavyokimbilia. Mvua za kwanza zikileta kumbikumbi, wakaushe waliobaki.

Jambo la mwisho, mama wa Katubza. Hukusema vifaranga wako wanafika wangapi kila msimu. Jogoo mmoja anatosha majike kumi, kwa hiyo jogoo wachanga wanaozidi wauze kabla ya Krismasi, wakati wanunuzi wamejaa na njaa haijaanza. Pesa hiyo nunua soya. Na kabla hujanunua chochote, uliza chanjo ya kideri, ambacho Wamalawi wanakiita chitopa. Ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi minne. Ugonjwa huo hupenda miezi ya joto kabla ya mvua, na ukiingia katika mtaa wenye nyumba zilizobanana kama yetu haubagui banda la mtu aliyelisha vizuri. Zungumza na majirani zako mchanje siku moja, kwa sababu kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakikai.

Wiki ijayo tutarudi na mtaalamu wa mifugo kuzungumzia chanjo hiyo kwa urefu. Wewe uliyewahi kulisha machicha, au uliyepoteza vifaranga na hujui sababu, tuandikie au upite hapa studio ulete habari yako. Mama, ukimpigia shemeji, msalimie. Mwambie mtama haukuoteshwa.